Darubini ya pili: namna ya kuichagua ukiwa Mtwara au Lindi

Karibu kila mtu anayewahi kuangalia Mwezi au Zohali uani kwangu Mikindani, akishaondoa jicho huuliza: "Sasa mimi nikitaka kubwa zaidi, ninunue ipi?" Wengine tayari wanayo ile ndogo ya lenzi ya milimita 70 yenye miguu ya alumini inayotetemeka ukiigusa tu. Wameiona pete ya Zohali kama nukta yenye masikio, wameonja, na sasa wanataka kushiba. Wengine wana kamera na wanataka picha.

Mwongozo huu ni kwa ajili yao. Nimeupanga kwa hatua, na nakuomba usirukie hatua ya tatu kwa sababu ndiyo yenye majina ya darubini. Huku kwetu, latitudo ya 10 kusini ya ikweta, kitakachokusumbua zaidi ni kile kinachoibeba darubini. Ukubwa wa kioo unakuja baadaye. Ushauri mwingi unaopatikana umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanaoiona nyota ya kaskazini ikiwa imesimama juu ya paa zao. Sisi hatuioni kabisa, na jambo hilo peke yake linabadilisha orodha ya kununua.

Kwanza onyo, maana nyumba zetu zina watoto: usielekeze darubini kwenye jua bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo mzima wa mbele. Darubini nyingi za bei ndogo huja na kijichujio cheusi cha kufungia kwenye lenzi ya jicho, kimeandikwa "jua". Kitupe. Joto linalokusanyika pale hukipasua ghafla, na jicho halitibiki. Jambo hili litakuwa na uzito zaidi Agosti 2, 2027, jua litakapopatwa kikamilifu kule Misri na hadi ncha ya Somalia. Sisi tutaona likimegwa sehemu tu, na bila shaka kila mwenye darubini atataka kuitoa nje.

Hatua ya kwanza: amua kama unanunua kwa ajili ya jicho au kamera

Jicho lina haja ya mwanga mwingi kwa wakati mmoja. Haliwezi kujilimbikizia mwanga kwa dakika kumi kama kamera. Linachokipata sasa hivi ndicho linachokiona. Kwa hiyo kwa jicho, upana wa kioo ndio kila kitu. Na upana huhesabiwa kwa eneo, hivyo kioo cha milimita 200 kinakusanya mwanga mara nane ya lenzi ya milimita 70, ingawa kwa kipimo cha rula hakijafika hata mara tatu. Tofauti hiyo utaiona usiku wa kwanza: fungunyota la Omega Centauri, ambalo kwenye 70 ni ukungu wa mviringo, kwenye 200 linapasuka na kuwa nyota mamia kwa mamia kama chumvi iliyomwagwa kwenye kaniki.

Kamera haina haraka. Lenzi ya milimita 60 ikitulizwa juu ya stendi inayofuata nyota barabara kwa saa mbili itatoa picha ambayo jicho halitaiona kwenye darubini yoyote ya uani. Lakini neno "barabara" hapo ndilo linalogharimu fedha. Dunia inazunguka, na nyota zinahama sekunde-tao 15 kila sekunde moja ya saa (sekunde-tao ni nyuzi moja ya pembe ikigawanywa mara 3,600). Picha ya dakika moja kwenye stendi inayoyumba itageuza kila nyota kuwa mstari.

Kwa hiyo darubini bora ya jicho na darubini bora ya picha ni vitu viwili tofauti, karibu vinakinzana. Cha jicho ni bomba kubwa juu ya kitako rahisi. Cha picha ni bomba dogo juu ya stendi ya gharama. Ukitafuta kimoja kitakachofanya yote kwa fedha za kawaida, utapata bomba la kioo la milimita 130 au 150 juu ya stendi nyepesi ya ikweta (ile yenye mhimili wa kufuata nyota, nitaieleza hatua ya nne): kwa jicho linachosha kulizungusha, kwa kamera linayumba. Nimeona watu watatu wakinunua hicho, na wote watatu waliacha.

Kama hujui uko upande gani, chukua daftari na usiku tatu ukiwa na hiyo darubini ndogo uliyonayo. Andika ni wakati gani ulisahau kuangalia saa. Ilikuwa ukihama kutoka nyota hadi nyota, au ukihangaika kuweka simu kwenye lenzi ili upate picha ya kumtumia dada yako? Daftari hilo litakujibu.

Hatua ya pili: lisome anga la uani kwako

Mtwara mjini iko kama nyuzi 10 na robo kusini. Lindi iko karibu nyuzi 10 kamili. Maana yake ncha ya kusini ya anga, ile ambayo nyota zote huizunguka, iko nyuzi 10 tu juu ya upeo wa macho. Nyoosha mkono na ukunje ngumi: upana wa ngumi ndio nyuzi 10. Mnazi mmoja wa jirani unatosha kuiziba.

Faida yake ni kubwa. Tunaona karibu anga lote. Nebula ya Jabari, wingu la gesi linalong'aa, inapita karibu na utosi. Galaksi ya Andromeda, fahari ya watu wa kaskazini, kwetu inafika nyuzi 38 upande wa kaskazini. Katikati ya Njia Nyeupe, ambapo mtu wa London anapaona pamelala juu ya mapaa, kwetu panapanda hadi nyuzi 71. Miezi ya Julai na Agosti, saa tatu za usiku, pako palepale juu ya kichwa chako, na ndiyo miezi yetu ya kiangazi. Mawingu mawili ya Magellan, ambayo ni galaksi ndogo zinazofanana na mawingu, yanafika nyuzi 30 hivi upande wa kusini, na ndiyo yanayohitaji upande wa kusini ulio wazi na wenye giza.

Sasa toka nje usimame uani. Taa ziko upande gani? Ukiwa Shangani, mji uko mgongoni upande wa kusini, na mwanga wake ndio unaokula Mawingu ya Magellan. Ukiwa Mikindani kama mimi, mwanga wa Mtwara uko mashariki, na kusini pana afadhali. Mtu wa Lindi mjini anaweza kuvuka ghuba kwenda Kitunda akapata giza la maana. Msimbati pana giza zuri kuliko yote niliyoyaona pwani hii, na Newala, pale ukingoni Shimo la Mungu, unaitazama bonde la Ruvuma na hewa ni kavu kuliko huku chini.

Majira nayo. Wazee wa pwani wana usemi wao: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwetu kilimia, lile fungu dogo la nyota, kinazama magharibi mapema jioni mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa zinamalizikia, na msimu wa darubini unaanza hapo. Mei, giza likiingia tu, nebula ya Carina iko juu upande wa kusini. Mwisho wa Mei na Juni ni Omega Centauri. Kisha Nge na Njia Nyeupe hadi Septemba. Ukitaka Mawingu ya Magellan kabla mvua hazijarudi, amka mwishoni mwa Oktoba saa tisa na nusu usiku.

Lakini kiangazi kina upepo wa kusi. Jioni za Julai unasukuma bomba refu kama tanga. Kama uani kwako hakuna ukuta upande wa kusini-mashariki, ongeza ukuti au turubai kwenye hesabu yako kabla hujaongeza milimita za kioo. Pia kuna moshi wa mashamba yanayochomwa kuanzia Agosti, ambao hufanya nyota za chini ziwe nyekundu na hafifu.

Na kuna salfa ya mikorosho. Hili sijaliona limeandikwa popote kwa ajili ya watu wa darubini, kwa hiyo nalikazia. Wakulima hupulizia salfa ya unga alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande, na ndiyo saa ambayo wewe unamalizia usiku wako. Vumbi lile likitua kwenye kioo chenye umande linakula mipako. Kama una shamba jirani, ulizia siku zao za kupulizia, na siku hizo funika vioo vyote mapema.

Hatua ya tatu: kama ni jicho

Nunua Dobson ya milimita 200, na kama uzito au fedha zinakubana, ya 150. Sina maelezo mengi hapa kwa sababu uamuzi ni mwepesi. Jina linatokana na John Dobson wa San Francisco, aliyeisambaza darubini ya kioo iliyowekwa juu ya sanduku la plaiwudi ili mtu wa kawaida aweze kujitengenezea. Haina mota wala umeme, na skrubu za latitudo haina. Unaisukuma kwa mkono, inakwenda, ukiiachia, inasimama. Upepo wa kusi unaivumilia kuliko miguu mitatu yoyote, na latitudo yetu haiisumbui hata kidogo.

Ile ya 200 kwa kawaida ina urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokusanyika) wa milimita 1200. Ukuzaji ni urefu huo ugawanywe kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho: lenzi ya 25 inakupa mara 48, ya 10 inakupa mara 120. Tangazo likikuahidi mara 500 au 600 kwenye kijidarubini kidogo, ondoka dukani. Kanuni ya juu kabisa ni mara mbili kwa kila milimita ya upana, na hewa yetu ya pwani haikupi hata hiyo; kwa 200 yangu mara nyingi sivuki mara 200, na Mshtarii anaonekana vizuri zaidi kwenye mara 150. Kwenye mara 120 kitu kinavuka uwanja wa lenzi kwa dakika moja na nusu hivi, halafu unasukuma kidogo. Mkono unazoea ndani ya wiki.

Kama uliitazama Zohali mwaka 2025 ukaona pete imekuwa uzi, usiilaumu darubini yako. Machi mwaka ule pete zilitugeuzia ukingo wake. Sasa zinafunguka tena mwaka hadi mwaka.

Gharama inayouma ni usafirishaji, kwa sababu kitako cha plaiwudi ndicho kizito kuliko bomba lenyewe. Kama muuzaji anakubali kukuuzia bomba peke yake, nunua hilo na umpe seremala wako kazi ya kitako. Mkoa wetu una mafundi wa mbao wasio na mfano. Mpelekee vipimo vya bomba, plaiwudi ya milimita 18, kipande cha fomeka kwa ajili ya sahani ya chini, na vipande vitatu vya tefloni vya kukalia. Nilipokosa tefloni nilikata ubao wa plastiki wa kukatia nyama, na ukateleza vizuri. Mwambie asiweke beringi za magurudumu hata akishawishika. Beringi zinateleza mno, bomba halitulii. Unachotaka ni msuguano laini unaolingana, kuanza kusukuma na kuendelea kusukuma kuwe na uzito uleule.

Ongeza vitu viwili tu mwanzoni: kifaa cha kunyooshea vioo, kwa sababu barabara itavihamisha, na lenzi moja nzuri ya milimita 6 au 8 kwa ajili ya sayari. Simu yenye kishikio cha kuifunga kwenye lenzi ya jicho itakupa picha za Mwezi za kutosha kabisa. Kamera kubwa ya kubadilisha lenzi usiitegemee hapa: kwenye Dobson nyingi sensa yake, kile kipande kinachopokea mwanga, haifikii fokasi, bomba la kusogezea linagota kabla picha haijawa kali.

Hatua ya nne: kama ni kamera

Anza na kamera uliyonayo, lenzi ya kawaida na miguu mitatu. Gawanya 500 kwa urefu wa fokasi, kisha gawanya tena kwa 1.5 kama sensa ni ile ndogo, upate sekunde unazoweza kuacha wazi kabla nyota hazijawa mistari. Lenzi ya 18 inakupa sekunde 18 hivi. Piga picha mia moja za namna hiyo za Njia Nyeupe, zipange moja juu ya nyingine kwa Siril au DeepSkyStacker, programu zisizolipiwa, na uone kama kazi ile ya kompyuta unaipenda. Nusu ya upigaji picha wa anga inafanyika mezani mchana. Asiyeipenda meza hataipenda stendi ya gharama.

Ukiipenda, fedha yako ya kwanza iende kwenye stendi. Natenga nusu ya bajeti yote kwa stendi peke yake, na sijawahi kujuta.

Stendi ya picha ni ile ya ikweta: ina mhimili mmoja unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, na mota inayozungusha darubini kuuzunguka mhimili huo kwa mwendo wa nyota. Mhimili huo unainuliwa kwa pembe sawa na latitudo ya mahali. Kwetu ni nyuzi 10, karibu umelala. Stendi nyingi zimebuniwa kwa watu wa nyuzi 30 hadi 60.

Stendi yangu ya kwanza ya aina hii niliinunua mkononi Dar, kwa muuzaji aliyeniapia kwamba inafaa popote Tanzania. Nikaipandisha basi, nikafika nyumbani usiku, nikaifunga hata kabla ya kula. Skrubu ya latitudo ikagota kwenye 20 na haikushuka tena. Niliumia sana, kwa sababu ilikuwa akiba ya mwaka mzima na sikuwa na wa kumrudishia.

Nilipata njia. Ukielekeza mguu mmoja wa stendi kusini kabisa na kuufupisha, stendi nzima inainamia kusini na mhimili unashuka. Kama kutoka mguu huo hadi mstari wa miguu miwili ya nyuma ni sentimita 70, kuushusha sentimita 12 kunakupa nyuzi 10. Inafanya kazi, ila uzito unaegemea mbele, kwa hiyo weka mfuko wa mchanga kwenye miguu ya nyuma. Tena kila ukiizungusha kulia au kushoto, latitudo nayo inahama kidogo, inabidi urudierudie. Nilipiga picha hivyo kwa misimu miwili.

Wewe usipitie huko. Kabla hujalipa, muulize muuzaji maswali haya, na akujibu kwa namba. Skrubu ya latitudo inashuka hadi nyuzi ngapi? Kama haifiki 10, achana nayo. Ikiwa kwenye 10, je, fimbo ya uzito wa kusawazisha inagonga miguu? Mhimili ukilala, fimbo ile inaning'inia karibu wima na kugonga mguu ulio chini yake. Dawa yake ni nguzo fupi ya kuinulia kichwa cha stendi, na iulizie kama inapatikana. Inabeba kilo ngapi? Akikutajia kumi, kwa picha hesabu tano.

Stendi ikishapatikana, bomba ni rahisi: darubini ya lenzi, upana milimita 60 hadi 80, fokasi 350 hadi 500, yenye vioo vya ED ili nyota zisiwe na pindo la zambarau, pamoja na lenzi yake ya kunyoosha kingo za picha. Naijua hamu ya kutaka kubwa. Lakini fikiria vipimo. Kamera yenye sensa ya upana wa milimita 22 kwenye fokasi ya 360 inaona nyuzi tatu na nusu za anga, na nebula ya Carina, yenye nyuzi mbili hivi, inakaa humo kwa raha. Kamera ileile kwenye fokasi ya 1200 inaona nyuzi moja tu, na Carina inakatwa vipande. Wingu Kubwa la Magellan lina nyuzi kama kumi: hilo halihitaji darubini kabisa, lenzi ya kamera ya milimita 50 inatosha.

Kuna hesabu moja zaidi ya kulinganisha kamera na bomba. Zidisha ukubwa wa pikseli kwa mikroni mara 206, gawanya kwa fokasi. Pikseli ya 4.3 kwenye fokasi ya 360 inatoa karibu 2.5, yaani sekunde-tao mbili na nusu kwa kila pikseli. Kwa hewa ya pwani, kati ya 1 na 3 ni sawa. Chini ya 1 unakuza mtikisiko wa hewa tu.

Njia fupi ipo, nayo ni zile darubini zenye kamera ndani zinazoongozwa kwa simu, kama Seestar S50 ya ZWO yenye lenzi ya milimita 50 na uzito wa kilo mbili na nusu. Siidharau hata kidogo. Kwa mwalimu anayetaka wanafunzi arobaini waone nebula kwenye simu usiku mmoja, hakuna kinachoishinda. Ikisimama kawaida, bila kuinamishwa kwenye kitako cha ikweta, picha inazunguka polepole kadiri nyota zinavyohama, na kwa latitudo yetu mzunguko huo ni mkali kitu kinapokuwa karibu na utosi. Kikamate kikiwa mashariki au magharibi, nyuzi 30 hadi 60 juu, na utapata picha safi zaidi.

Hatua ya tano: itafute kusini kwa timazi

Watu wa kaskazini wanalenga nyota yao na kumaliza. Nyota iliyo karibu na ncha yetu, Sigma Octantis, ni hafifu mno, na ikiwa nyuzi 10 juu ya upeo inamezwa na ukungu wa chini. Dira ya simu nayo inadanganywa na chuma cha stendi, na hata ikisema kweli inaonesha kusini ya sumaku.

Njia yangu ni ya mchana. Kuanzia Mei hadi Agosti jua letu la mchana liko kaskazini. Ning'iniza timazi ya fundi mwashi kwenye mti au nguzo, juu ya sakafu iliyosawazishwa kwa pimamaji. Jua likifika juu kabisa, kivuli cha uzi kinaangukia kusini halisi. Kwa Mtwara hiyo ni kati ya saa 6:15 na 6:26 mchana kutegemea siku. Lindi ongeza dakika mbili. Stellarium, programu ya ramani ya anga, itakupa dakika kamili ya siku yako, na uifuate dakika hiyo, maana jua likiwa juu kivuli kinageuka upesi. Weka alama mbili kwenye kivuli na uchore mstari kwa rangi sakafuni. Mstari huo utautumia miaka yote. Usijaribu karibu na Oktoba 20 au Februari 21: siku hizo jua linapita utosini na uzi hauna kivuli.

Usiku, hakikisha kwa Salibu, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba. Chukua urefu wake kutoka nyota ya juu hadi ya mguuni, uuendeleze mara nne na nusu kupita mguu, umefika kwenye ncha. Shuka wima hadi chini uone kama unaangukia kwenye mstari wako. Mabaharia wa majahazi walikuwa na nyota ya Suheli kwa kazi hiyo, na kwa Kiswahili cha zamani suheli ndilo jina la kusini yenyewe.

Kwa lenzi fupi, mstari wa rangi unatosha. Kwa bomba la fokasi 360, malizia kwa programu ya NINA, isiyolipiwa, yenye nyongeza ya kupima kwa picha tatu: inapiga sehemu tatu za anga popote palipo wazi na kukuambia umekosea nyuzi ngapi, bila kuiona ncha. Mnazi wa jirani hautakukwamisha tena.

Hatua ya sita: umeme, chumvi na safari

Usiunganishe stendi moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Ukikatika dakika moja, umepoteza mpangilio wa usiku mzima. Stendi, kompyuta ndogo na mkanda wa kupasha lenzi vinakula kama ampea 3 kwa volti 12. Saa sita ni ampea-saa 18. Betri ya lithiamu ya 20 inatosha. Ya gari, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, iwe ya 40. Paneli ya jua itaijaza mchana.

Mkanda wa kupasha lenzi nunua pamoja na darubini. Unyevu wetu ni mkali, na lenzi ikishalowa usiku umekwisha. Ukimaliza, usifunge vifaa vikiwa na umande. Viache ndani vikauke kwanza, kisha viingie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vidonge vya silika. Kuvu ikiingia kwenye lenzi inaota nyuzi kama utando wa buibui na kuchimba kioo. Chumvi ifute kwenye vyuma kila wiki. Kioo cha Dobson usikifute kwa kitambaa kamwe. Vumbi kidogo halina madhara, mkwaruzo unayo.

Kama unanunua kilichotumika, mulika lenzi kwa tochi kutoka upande wa nyuma utafute nyuzi hizo za kuvu. Kama unaagiza nje, darubini na stendi zake ziko chini ya kichwa 9005 cha orodha ya forodha. Mpe wakala namba hiyo akupigie hesabu ya ushuru na VAT kabla hujalipa. Na kama mzigo unapanda basi la kusini kutoka Mbagala, kioo kishikwe mkononi au kiwe kitini. Buti la chini hapana.

Usiku wa kwanza toa bomba nje jua likizama, ulifunike, uliache dakika 45 lipoe. Nyoosha vioo. Chagua lenzi ya ukuzaji mdogo kuliko zote ulizonazo. Kama ni Juni, tazama kusini, zipate nyota mbili kali za kundi la Kantarusi, panda kutoka kwenye ile iliyo karibu na Salibu kama ngumi moja na nusu ya mkono ulionyooka, na utafute nyota yenye ukungu ambayo haitaki kuwa nukta. Hiyo ndiyo Omega Centauri. Weka kiti, kaa, na umwite na mama watoto naye aone kabla hujagusa kitu kingine.